Istilahi za Kapasita: Polima Pitishi na Kazi ya Kusawazisha Umeme

Mwaka jana tuliletewa barua na mwalimu wa ufundi wa umeme anayefundisha katika shule moja iliyo kwenye mitelemko ya Mlima Meru, karibu na jiji la Arusha. Shule hiyo hatutaitaja, wala ofisi iliyohusika hatutaitaja, kwani kosa lililotokea hapo lingeweza kutokea popote ambapo karatasi ya kiufundi hutafsiriwa kwa haraka. Kompyuta kadhaa za shule zilikuwa zimeharibika. Mwalimu alizifungua, akaona kwamba zilizokufa ni kapasita za kwenye bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita madabodi, akaandika kwa Kiingereza orodha ya vipuri alivyovihitaji. Orodha ikapelekwa ofisini, na kwa kuwa zabuni ilitakiwa itangazwe kwa Kiswahili, karani mmoja akaitafsiri. Mstari wenyewe ulisomeka hivi: "Kapasita za plastiki imara za kulainisha umeme, 470, vipande sitini."

Mfanyabiashara aliyepata zabuni hakudanganya wala hakupunja. Alileta kapasita sitini za plastiki, tena imara kabisa, kila moja ikiwa na uwezo wa nanofaradi 470. Zilizotakiwa zilikuwa za mikrofaradi 470, yaani zenye uwezo mkubwa mara elfu moja zaidi, nazo hazikuwa za plastiki kwa maana ambayo mwenye duka la vipuri analifahamu neno hilo. Fedha zilikwisha kulipwa, na kompyuta zikakaa kabatini muhula mzima. Mwalimu alimaliza barua yake kwa kutuuliza Kiswahili sahihi cha kifaa hiki ni kipi.

Kosa la kuacha kipimo ni uzembe tu, na halihitaji makala. Lakini maneno matatu yaliyobaki, yaani plastiki, imara na kulainisha, kila moja laweza kutetewa kwa kamusi, na kila moja lilimpeleka msomaji kwenye rafu isiyo yake. Hilo ndilo lililotufanya tuandike. Hapana budi tuanze na kifaa chenyewe, maana istilahi haiwezi kusimama pale ambapo mwenye kuitunga hajui kitu anachokipa jina.

Mfereji na bwawa

Neno "kapasita" halina mgogoro mkubwa. Mafundi wa Arusha hulitumia sawasawa na wenzao wa Dar es Salaam. Wazee walioanza kazi zamani, enzi za redio za Philips zilizounganishwa papo hapo Arusha na redio za National zilizotoka Dar es Salaam, bado husema "kondensa", na sisi hatuoni aibu ya kulitumia neno hilo tunapozungumza nao. Hata hivyo katika maandishi rasmi ni afadhali "kondensa" liachiwe jokofu na mitambo ya kupoza mvuke, ambako nako linatumika, ili mtunza ghala asije akaletewa bomba badala ya kipuri cha redio.

Wanafunzi wengi huambiwa kwamba kapasita ni "betri ndogo". Maelezo haya ni rahisi lakini hayafai. Betri hutoa umeme kutokana na kemikali zilizomo ndani yake, ilhali kapasita haizalishi chochote. Hupokea chaji, ikaikalisha kwa muda mfupi, mara nyingi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha ikairudisha. Mfano bora uko mlimani Meru kwenyewe. Tuchukue mfereji unaoteremka kupita mashamba ya Akheri, Poli au Nkoaranga. Maji yake hayaji kwa kiasi kimoja: wa juu akifungua zamu yake, wa chini hupungukiwa, mvua ikinyesha msituni, mfereji hufurika. Mkulima wa chini akichimba bwawa dogo kando ya mfereji, maji yanapozidi yataingia bwawani, na yanapopungua bwawa litayarudisha, na migomba yake itanyweshwa kwa kiasi kilekile mchana kutwa. Majirani zao Wapare wanaujua ufundi huu tangu kale, nao mabwawa yao ya kulimbikia maji huyaita ndiva.

Kapasita ni bwawa la namna hiyo. Tunasisitiza neno "kando", kwa kuwa walimu wengine huchora bwawa katikati ya mfereji, na mwanafunzi hudhani kwamba umeme unapita ndani ya kapasita kuelekea kwenye kifaa. Mkondo mnyoofu haupiti humo. Kapasita hukaa pembeni, ikipokea na kurudisha.

Umeme unaofika katika nyumba zetu ni mkondo geu wa volti 230, unaogeuka mizunguko 50 kwa kila sekunde. (Na tukiwa bado tunazungumzia mifereji, sehemu ya umeme huo ni maji ya Meru yaleyale, kwani vijito vinavyoteremka mlimani huingia Mto Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo lina mtambo wake na ambalo maji yake huendelea kwa Mto Pangani hadi Hale.) Simu, redio au kompyuta haiwezi kuutumia umeme huo jinsi ulivyo. Inataka mkondo mnyoofu, tena wa volti chache tu. Diodi hufanya kazi ya kuunyoosha, yaani kuufanya uelekee upande mmoja; lakini baada ya kunyooshwa bado haujatulia, bali hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakotakiwa kuondolewa, na ndiko kulikomtatiza karani wetu.

Kulainisha, kunyoosha au kusawazisha?

Kilicho laini ni kile ambacho si kigumu au hakikwaruzi. Ngozi hulainishwa kwa mafuta, mashine hulainishwa kwa grisi, hata tumbo hulainishwa kwa dawa. Umeme hauna ugumu wa kuondolewa. Karani alilifuata neno la Kiingereza bila kujiuliza Mswahili anapolisikia neno "kulainisha" huona nini akilini.

Wako waliopendekeza "kunyoosha". Neno ni zuri, lakini limekwisha kupewa kazi: tukisema mkondo mnyoofu, kunyoosha ni kazi ya diodi, na hatuwezi kuipa kapasita kazi hiyohiyo bila kumchanganya mwanafunzi. Wengine husema "kutuliza", ambalo linafaa zaidi kwa kile kifaa kinachowekwa kati ya soketi na jokofu ili volti zisipande ghafla. Mafundi wengi husema "kuchuja". Hili tumelifikiri sana, kwa sababu linatoka midomoni mwa watu wa kazi. Tatizo ni kwamba anayechuja hutenga kitu na kingine, kama tui na machicha, na fundi wa mitambo ya mawasiliano analihitaji neno hilo kwa kazi ya kutenga masafa fulani na mengine. Tumwachie.

Tunapendekeza "kusawazisha". Mtu anayesawazisha uwanja huchukua udongo palipo na kichuguu akaujaza palipo na shimo. Kapasita hufanya vivyo hivyo: huchukua palipozidi ikajaza palipopungua. Na vile vipando na vishuko vidogo vinavyosawazishwa tuviite "viwimbi". Mawimbi ni neno la fizikia lenye eneo pana, tangu sauti hadi redio, na si vema kulibebesha mzigo mwingine. Umbo la udogo linatosha kuonyesha tofauti, na kila aliyewahi kutazama maji ya Ziwa Duluti jioni kunapovuma upepo mdogo anajua viwimbi ni nini.

Ndani ya kopo

Tukate kapasita ya kawaida tuone kilichomo. Kuna utepe mwembamba wa alumini ambao umekwaruzwa kwa kemikali hata ukawa na vishimo vingi mno, ili eneo la uso wake liwe kubwa mara nyingi kuliko linavyoonekana. Juu ya uso huo hukuzwa, kwa nguvu ya umeme, utando wa oksidi ya alumini. Utando huo ni kihami. Unene wake ni kama nanometa moja hadi moja na nusu kwa kila volti inayotakiwa kuzuiliwa, na wembamba huo ndio unaoipa kapasita uwezo mkubwa katika kopo dogo. Sasa panatakiwa kipitishi cha upande wa pili, nacho ni lazima kiingie katika kila kishimo na kuugusa utando kila mahali. Kipande cha bati hakiwezi. Kwa hiyo tangu zamani kimetumika kiowevu kinachopitisha umeme, yaani elektroliti, kilicholoweshwa katika karatasi.

Hapo ndipo udhaifu ulipo. Katika kiowevu umeme hubebwa na ioni, ambazo hujikokota. Kiowevu hukauka mwaka hadi mwaka. Kikipata joto jingi hutoa gesi, na kopo huvimba. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, dunia ilishuhudia kapasita nyingi ajabu zikivimba na kupasuka katika kompyuta na vifaa vingine kwa sababu ya elektroliti mbovu, na ni katika miaka hiyo neno "imevimba" lilipopata maana ya utaalamu katika vibanda vyetu vya ufundi. Ukipita leo katika mitaa ya katikati ya Arusha, utamsikia fundi akimwambia mteja wake neno hilo moja, na mteja akaelewa kwamba kipuri hakina budi kubadilishwa.

Kujikokota kwa ioni huonekana kama ukinzani uliofichwa ndani ya kapasita. Katika karatasi za maelezo ukinzani huu huandikwa kwa herufi ESR. Tumeona mahali ukitafsiriwa "ukinzani sawa wa mfululizo", maneno ambayo yakisomwa na mtu asiyekijua Kiingereza hayamwambii kitu: sawa na nini, na mfululizo wa nini? Tunashauri "ukinzani wa ndani", na herufi ESR zibaki katika majedwali ili fundi aweze kuzilinganisha. Neno hilohilo hutumika kwa betri, lakini hapo hakuna hasara, kwa kuwa wazo ni moja.

Ubaya wa ukinzani wa ndani waweza kuonyeshwa kwa hesabu ya darasani. Kichakataji cha kompyuta hufanya kazi kwa volti moja hivi, lakini huvuta ampea nyingi, tena kwa ghafla. Tuseme mkondo wa viwimbi ni ampea 10 na ukinzani wa ndani ni omu 0.1. Zidisha: unapata volti 1, yaani kiwimbi chenye ukubwa sawa na umeme wote uliokusudiwa! Bwawa ni kubwa, lakini mdomo wake ni mwembamba kama wa chupa. Maji yamo na hayatoki kwa wakati. Na katika vifaa vidogo vya siku hizi umeme hauji kwa viwimbi 100 kwa sekunde tu. Visawazishi vilivyomo ndani yake huuwasha na kuuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kasi hiyo bwawa lenye mdomo mwembamba ni kama halipo.

Plastiki ipi?

Mwaka 1977 Hideki Shirakawa wa Japani, pamoja na Alan MacDiarmid na Alan Heeger waliokuwa Marekani, walitangaza kwamba poliasetilini ikichanganywa na iodini hupitisha umeme. Walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2000. Kwa mtu aliyefundishwa tangu darasa la nne kwamba plastiki hufunika waya kwa sababu haipitishi umeme, habari hii ilikuwa ni kama kuambiwa kwamba mvua hunyesha kwenda juu. Siri yake ni minyororo ya kaboni ambamo vifungo vya kimoja na vya maradufu hupokezana, na elektroni zikapata njia ya kukimbia kwa urefu wa mnyororo. Mwaka 1983 kampuni ya Sanyo ilitoa kapasita ambamo elektroliti ya kiowevu iliondolewa, ikawekwa chumvi ya kikaboni iliyo yabisi. Hiyo haikuwa polima bado, lakini ilifungua njia. Baadaye zikafuata kapasita za polipiroli, na zile za polima iliyovumbuliwa na Bayer ya Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980, ambayo hujulikana kwa herufi PEDOT.

Polima hizi hupitisha umeme vizuri kuliko elektroliti ya kiowevu kwa kiasi cha mara elfu kumi hivi. Ukinzani wa ndani hushuka hadi miliomu chache. Rudia hesabu ile kwa omu 0.01 badala ya 0.1, na kiwimbi kinakuwa volti 0.1. Ndiyo maana kapasita moja ndogo ya aina hii yaweza kuchukua nafasi ya kapasita kadhaa za zamani, na ndiyo maana kifaa kilichokuwa na ukubwa wa kitofali sasa huingia mfukoni.

Kwa nini basi tusiseme "kapasita ya plastiki"? Kwa sababu jina hilo lina mwenyewe. Ziko kapasita za tangu zamani zinazotengenezwa kwa utando wa plastiki kama poliesta au polipropilini, na katika hizo plastiki ni kihami. Inakaa kati ya bamba mbili na kuzuia umeme usipite. Katika kapasita tunayoizungumzia, polima inafanya kazi iliyo kinyume kabisa: yenyewe ndiyo kipitishi, na kihami ni oksidi. Jina moja kwa vitu viwili ambavyo plastiki yake moja huzuia na nyingine hupitisha si upungufu wa lugha tu, ni hatari. Kapasita ya utando wa plastiki haina upande chanya wala hasi, na ziko zilizotengenezwa mahsusi kustahimili volti 230 za ukutani. Kapasita ya polima ina ncha zake, na nyingi hazivuki volti thelathini na ushei. Anayeiunganisha na umeme wa ukutani kwa kuwa karatasi ilisema tu "ya plastiki" ataipasua mbele ya uso wake.

Neno "polima" lina faida nyingine: ni pana kuliko plastiki. Mpira wa utomvu ni polima. Katani ya Tanga ni polima, na wanga ulio katika ugali ni polima pia. Kwa hiyo msomaji hafungwi na picha ya ndoo na malapa. Lakini kwa upana huohuo, "kapasita ya polima" peke yake haitoshi, kwani poliesta nayo ni polima. Lazima tuseme inafanya nini. "Polima ya kupitisha umeme" ni sahihi, ila ni ndefu mno kwa lebo na jedwali. Lugha yetu ina njia fupi: kutokana na shirikisha tuna shirikishi, kutokana na elekeza tuna elekezi, na kutokana na pitisha hatuna sababu ya kuogopa pitishi. Basi "polima pitishi", na "kapasita ya polima pitishi".

Kuna aina ya tatu ambayo ndani yake mna polima pamoja na kiasi kidogo cha kiowevu. Mwalimu aliyetuandikia alipendekeza iitwe "kapasita chotara", kama wakulima wanavyosema mahindi chotara. Tulicheka kidogo tulipolisoma pendekezo hilo, kisha tukaona kwamba ni bora kuliko yote tuliyokuwa nayo.

Limebaki neno "imara". Kiingereza kina neno moja linaloweza kumaanisha kitu madhubuti na pia kitu kisicho kiowevu wala gesi. Karani alishika maana ya kwanza, na mfanyabiashara akaleta bidhaa madhubuti. Maana iliyokusudiwa ni ya pili. Vitabu vya fizikia hutumia "mango" na "yabisi". Sisi tunaelekea kwenye "yabisi", kwa sababu mango kwa watu wengi bado ni lile jiwe gumu, ilhali yabisi humwambia msomaji mara moja kwamba ndani hamna kitu cha majimaji, na hilo ndilo fundi analotaka kulijua.

Na fundi anataka kulijua kwa sababu linabadilisha desturi yake ya kazi. Kapasita isiyo na kiowevu kwa kawaida haivimbi. Inaweza kufa, ikapiga shoti au ikakatika ndani, na juu ikabaki bapa na yenye kung'aa kama mpya. Kanuni ya kibandani kwamba iliyovimba itolewe na isiyovimba iachwe haitoshi tena, lazima ipimwe.

Mstari mmoja, maana mbili

Watafsiri wa vitabu vya ufundi tunawasihi wawe waangalifu sana na neno "mstari". Kwenye kapasita ya kopo la alumini, iwe ya kiowevu au ya polima pitishi, mstari au alama ya rangi huonyesha upande hasi. Kwenye kapasita bapa zenye umbo la kitofali, zile za tantali na zile za alumini za polima zilizofunikwa kwa utomvu mgumu, mstari huonyesha upande chanya. Kitabu cha Kiingereza mara nyingi husema tu kwamba alama ifuatwe, kikimwachia msomaji picha iliyo pembeni. Picha ikiachwa wakati wa kuchapa tafsiri, kama inavyotokea mara nyingi kwa ajili ya kupunguza gharama, sentensi iliyotafsiriwa sawasawa kabisa humfanya mwanafunzi ageuze kapasita, na kapasita iliyogeuzwa huharibika mara umeme unapowashwa. Mtafsiri ana haki, na kwa maoni yetu ana wajibu, wa kuongeza maneno mawili ambayo hayamo katika asili: "mstari (upande chanya)" au "mstari (upande hasi)", kadiri kifaa kilivyo. Uaminifu kwa asili usifikishwe mahali pa kuunguza vifaa vya shule.

Tantali tuliyoitaja ni metali inayotokana na koltani, na sehemu kubwa ya koltani ya dunia huchimbwa Kivu, mashariki mwa Kongo, pamoja na machimbo ya Rubaya huko Masisi. Wachimbaji wa huko ni wasemaji wa Kiswahili kama sisi. Inafikirisha kwamba lugha inayosemwa kwenye mdomo wa shimo haijawa na jina lililokubaliwa la kifaa kinachotoka katika udongo huo. Katika kapasita za zamani za tantali kipitishi cha upande wa pili kilikuwa dioksidi ya manganizi, ambayo ikipata joto kali hutoa oksijeni na kuchochea moto. Polima pitishi haifanyi hivyo.

Hata hivyo tusiandike, kama tulivyoona katika tangazo moja, kwamba kapasita hizi ni "bora kuliko zote". Huvujisha mkondo kidogo zaidi kuliko zile za kiowevu, bei yake ni kubwa, unyevu huzidhuru, na volti zake ni ndogo. Katika kifaa hichohicho kimoja, upande wa umeme wa ukutani, ambako volti 230 zikinyooshwa hufika 325 kwenye kilele, bado hutumika kapasita kubwa ya kiowevu. Polima pitishi hukaa upande wa pili, karibu na kichakataji. Mwenye kuandika zabuni hana budi aseme ni upande upi.

Kuhusu maisha yake, watengenezaji hutoa kanuni ambazo mwalimu wa Arusha anaweza kuzitumia darasani. Kapasita ya kiowevu huongezewa maisha maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopungua. Ya polima pitishi huongezewa mara kumi kwa kila nyuzi 20. Zote mbili zikiwa zimehakikishwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, basi kwa nyuzi 65 ya kwanza itakadiriwa kudumu saa 32,000, na ya pili saa 200,000. Baridi nayo ina neno lake. Arusha iko kwenye mwinuko wa meta 1,400 hivi, na mwezi Julai watu huvaa makoti, lakini hiyo bado ni baridi ndogo kwa kapasita. Kwenye kilele cha Meru, meta 4,566, ambako usiku maji huganda, elektroliti ya kiowevu huwa nzito na ukinzani wake wa ndani hupanda, wakati ule wa polima pitishi hubadilika kidogo tu. Anayetafsiri maelezo ya chombo cha kupimia hali ya hewa mlimani ataliona jambo hili likirudiwarudiwa, na sasa anayo maneno ya kulielezea.

Tulimrudishia mwalimu orodha yake baada ya kuiandika upya. Mstari ulioleta taabu sasa unasomeka hivi: "Kapasita ya polima pitishi, ya alumini, yabisi, yenye ncha (mstari: upande hasi), ya kusawazisha umeme upande wa kichakataji, mikrofaradi 470, volti 16, ukinzani wa ndani (ESR) usiozidi miliomu 12, kipenyo milimita 8, miguu miwili ya waya, vipande 60." Ni mrefu kuliko wa kwanza karibu mara nne. Mwalimu alitujibu kwamba aliupeleka kwa mwenye duka wa Arusha, akausoma mara moja, akainuka na kwenda kwenye rafu, na swali pekee aliloliuliza lilikuwa kama risiti iandikwe kwa jina la shule au la mwalimu.